Pumzi Iliyobaki Rafuni

Kila asubuhi mjane alichovya kitambaa kwenye ndoo ya sabuni, akafuta meza za maabara, kisha rafu ya mifuko ya mpira. Kila mfuko ulikuwa na pumzi ya mpagazi aliyepandishwa kwenye kibanda cha utafiti, juu mlimani, ili madaktari waone mwili unavyohangaika hewa ikiwa haba. Wengine wote walikwisha kurudi makwao, na mifuko yao ilikuwa imetulia tuli. Mfuko wa mumewe, aliyefia huko juu, ulikuwa bado unajaa na kunywea. Aliufuta taratibu asije akaukatiza.

Siku ya mazishi daktari mkuu alimwambia kwamba marehemu hakulalamika; alijilalia tu, basi. Mjane aliamini, maana mumewe hakuwa mtu wa maneno. Lakini leo alikuwa bado anadeki daktari huyo alipofungua koki ya mfuko ule ili apime. Hewa ilitoka na sauti ya mumewe, ile ile ya kukwamakwama kooni.

"Daktari, kichwa kinapasuka. Nishusheni."

Daktari alisoma kipimo, akafunga koki.

"Kaka bwana," alisema shemeji wa mjane, mpagazi naye, aliyekaa kwenye benchi akingoja kupimwa mapigo ya moyo kabla ya kupanda. "Alipokuwa na mdomo, kumtoa neno ilikuwa kazi ya kutwa. Kabaki pumzi tupu, ndipo anaongea."

Mjane alikamua tambara, akamgeukia daktari.

"Kumbe alikuomba."

"Aliomba, mama. Jioni ile. Kilikuwa kimebaki kipimo cha asubuhi tu, na bila hicho vyote vya nyuma vingekuwa kazi bure."

"Basi nipe nimpeleke nyumbani. Nikamfungulie chumbani kwake."

Daktari alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kisha akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Pumzi za wengine zimelala. Hii peke yake bado inafaa, na huku chini imeanza kupoteza nguvu. Inahitaji hewa ya kule juu.

Mchana gari lilipakiwa mitungi, mablanketi na wapagazi wapya, shemeji akiwemo. Mfuko uliwekwa kiti cha mbele, ukafungwa mkanda. Mjane aliuzungushia mtandio wake, kule kuna baridi, akafunga mlango.

Kioo kilishika ukungu upande wa mfuko. Dereva alikifuta kwa kiganja, akakanyaga mafuta, gari likaanza kupanda.