Diski Iliyosahaulika Ndani ya Deki

Fundi aliifuta diski kwa pindo la shati, kutoka katikati kwenda nje, akaitia kwenye deki, yeye na mwalimu wakaitazama harusi pamoja mpaka dakika ya tisa. Hapo ikakwama kama ilivyokwama nyumbani: bwana harusi kanyoosha mkono wenye pete, bibi harusi kanyoosha kidole, na pete haifiki.

"Si diski, mwalimu," fundi alisema. "Ni programu ya ndani ya deki. Imepitwa na wakati. Naiapdeti sasa hivi."

Mwalimu wa hesabu akaketi kwenye kigoda cha wateja. Jumamosi ndoa yake ingetimiza miaka kumi. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamealikwa, na mumewe, mpimaji wa barabara aliyekuwa safarini kikazi kwa wiki ya sita, aliahidi kurudi. Mwalimu alitaka wakae kochi moja, waione ile pete ikiingia. Alikuwa amejiaminisha kwamba wakiiona, mengine yatajirekebisha.

Fundi akachomeka flashi. Alikuwa na mazoea ya kusoma asilimia kwa sauti, moja baada ya nyingine, utadhani akinyamaza zitarudi nyuma. Alipofika sitini na nne akajipiga paji la uso.

"Nimesahau kutoa diski. Huwa inatolewa kwanza."

"Zima basi."

"Nikizima katikati, deki inakufa kabisa. Tuiache imalize."

Ikamaliza. Rangi zikang'aa, na dakika ya tisa ikapita bila kukwama. Ila harusi nayo ilikuwa imeapdetiwa. Bibi harusi alikuwa na miwani na mvi mbili tatu, na gauni limembana kiunoni. Watoto walioshika maua walikuwa wameanza kuota ndevu. Baba mkwe, aliyefariki mwaka juzi, hakuwepo. Shangazi alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha marehemu. Kiti cha bwana harusi nacho kilikuwa kitupu.

"Huyu hapa," fundi alisema, akigusa kona ya kioo kwa bisibisi.

Mume alikuwa meza ya mwisho, kavaa kandambili. Kando yake alikaa mwanamke ambaye hakuna aliyemwalika, na kapakata mtoto wa mwaka mmoja hivi, masikio yake yale yale ya mume. Mume alikuwa akimlisha mtoto keki ya harusi kwa kijiko.

Mwalimu aliumia, tena sana. Akatoa simu, akampigia. Kwenye picha mume akaweka kijiko chini, akachomoa simu mfukoni, akasogea mlangoni.

"Niko saiti, mke wangu. Jua la huku, acha tu."

"Umekula?"

"Nitakula saa ngapi na kazi hii?"

"Haya. Jumamosi usichelewe."

Kwenye picha akajifuta krimu kwenye suruali, akarudi mezani.

"Inaweza kurudi ilivyokuwa?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Ikishaingia mpya, ya zamani imekwenda. Lakini haitakwama tena, hilo nakuhakikishia."

Jumamosi mume alifika mapema, na shada la maua. Diski ikawashwa. Kwa kuwa alikuwa nyumbani, kwenye picha naye alikaa kiti cha bwana harusi, akichungulia simu chini ya meza. Shangazi alifurahi kuuona mkoba wake. Mama mkwe alitazama meza ya mwisho kwa muda, akasema mtoto amenenepa, kisha akaomba aongezewe chai. Hakuna aliyeuliza ni mtoto gani.

"Huyu fundi anajua kazi," mume alisema. "Picha safi kabisa."

Jumatatu asubuhi alibeba begi lake akaenda saiti. Mwalimu alishavaa tayari kwenda shule, lakini akawasha deki, akasimama mbele yake na mkoba begani. Dakika ya tisa bibi harusi alinyoosha kidole kando ya kiti kitupu. Ikaingia dakika ya kumi, ikaingia ya kumi na moja, kidole bado kimenyooshwa, na diski haikukwama hata mara moja.