Mwenye Nyumba Hajazaliwa

Ugali wa Ijumaa umeliwa, na Hoza, huku akiramba vidole, anamwambia mzee Shemweta: Kaka, nasikia kipimo kimeonyesha Zaina amebeba mtoto wa kike. Mwanao ni huyohuyo mmoja, wa kike, naye anazaa wa kike! Ukoo wako ndio huo unazimika. Shemweta analitafuta jibu, na katika kulitafuta usingizi unamchukua palepale mkekani, mkeka unalainika, unakuwa njia.

Njia ni ndefu, ina joto, kuta zake zinapumua. Anakwenda, naye ni mdogo kuliko punje ya ufuta, katikati ya umati wa wadogo wenzake wasio na miguu, wanasukumana, wanacheka. Tunakwenda wapi, jamani? Mjini, babu, atakayebaki njiani amepotea. Njia inapinda, inajirudia, inapinda tena, hata miji miwili inatokea, mmoja kushoto, mmoja kulia, kama mji mmoja unaojitazama kiooni, na mlangoni amesimama mlinzi asiye na uso.

Kitendawili, anasema mlinzi. Tega, anasema Shemweta. Mwenye nyumba hajazaliwa, wapangaji wamekwisha kulala vyumbani. Shemweta anakuna kichwa. Umeshindwa, mzee? Basi nipe mji. Nakupa Korogwe. Korogwe siitaki, nipe huu. Shemweta anaung'ang'ania mlango, maana mila ni mila, aliyeshindwa hutoa mji, na wakiukosa mji huu wadogo hawa wote watafia njiani.

Hapo kinapita kitu chekundu, kama haragwe, kinajivuta kwa mikono tu. We babu, mbona jasho linakutoka? Mimi mtoto wa kangaruu. Sisi tunazaliwa kwanza, mji wenyewe haujajengwa. Tunakwenda kuujenga mfukoni mwa mama, taratibu. Nyinyi je? Sisi, anasema Shemweta polepole, sisi tunaujenga kabla, na moyo unamruka. Mtoto wa kike tumboni! Yeye hajazaliwa, vijiyai vyake vya uzazi vimekwisha kulala ndani yake!

Mlango unafunguka. Vigelegele! Wadogo wanamiminika ndani, kila mmoja anapata chumba chake, mayaya wanamzunguka, wanamfunika, analala. Vyumba juu ya vyumba, maelfu kwa maelfu, na katika kila chumba Shemweta anamwona kitukuu. Wangu hawa, anapaza sauti akicheza, wangu wote!

Wako nani? Ni sauti ya Hoza. Amka, kaka, unaota. Shemweta anakaa kitako, kifua mbele. Nimezimika, eti? Mdogo wangu, mjukuu wangu hajazaliwa na tayari amebeba vitukuu vyangu. Nenda kawahesabu ukiweza! Uani Zaina anacheka, anasema, Baba, huyu kanipiga teke sasa hivi. Shemweta anausikia mguu wake mwenyewe ukirudi kutoka kwenye teke hilo, na hajui kama yuko nje ya tumbo lile au bado yumo ndani.