Kuziaga Video za Kuaga

Shule ile ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: hakuna kitu kilichoondoka bila kuagwa. Ubao mkuukuu uliagwa. Mashine ya kurudufu iliagwa, na mwalimu wa michezo akashindwa kumaliza hotuba kwa kwikwi. Kila hafla ilirekodiwa, na kila video ikawekwa kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, pale mbele kabisa, ili Mwalimu Mkuu azione akipita.

Ndiyo maana siku ya mwisho ya kuwasilisha matokeo ya darasa la mwisho, kompyuta ilikataa kuyahifadhi. Diski imejaa, ilisema. Wizara ingefunga mapokezi saa kumi alasiri. Mtahiniwa ambaye matokeo yake hayajafika asingepangiwa shule, na miongoni mwa watahiniwa hao alikuwemo kitinda mimba wa katibu muhtasi mwenyewe.

"Shemeji, futa chochote!" alimwambia fundi wa kompyuta, mdogo wa mumewe, ambaye hata mkoba hajautua.

"Hicho chochote ndicho kitakachotumaliza. Ukifuta faili la mfumo, mashine haiwaki tena. Tutazame kwanza nani kajaza."

Akapanga folda kwa ukubwa, akaeleza bila haraka. Diski ilikuwa imegawanywa, mfano wa nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza, cha mfumo wenyewe, kilifurika. Cha pili, kilichotengwa kwa nyaraka, kilikuwa kitupu tangu siku kilipojengwa. Folda ya mfumo hakuigusa. Faili za muda alizifuta, zikatoa nafasi kiduchu. Juu ya zote ilisimama folda iliyoitwa Kuaga.

"Shemeji, mliaga shule nzima?"

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa mlangoni, alinyoosha tai yake. "Hizo hazifutwi mpaka ziagwe."

"Ziagwe video za kuaga?"

"Kwa hotuba. Na hafla irekodiwe."

"Halafu hiyo rekodi tuiweke wapi?"

Mwalimu Mkuu akafikiri kwa dhati. "Hapo hapo."

Katibu muhtasi alitazama saa ya ukutani, akashika kichwa.

"Basi hatuzifuti," fundi alisema polepole. "Tunazihamisha. Kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili."

"Uhamisho!" Uso wa Mwalimu Mkuu ukakunjuka. "Sasa umenena. Anayehamishwa hatumuagi. Tunamsindikiza tu."

Walimu wote wakaitwa. Walijipanga mistari miwili nyuma ya kiti cha fundi, wakapiga makofi taratibu huku mstari wa kijani ukisogea kwenye kioo. Ulipokwama katikati, mwalimu wa michezo aliupigia kelele, "Kaza! Kaza mwendo!" Ulipofika mwisho, fundi hakukimbilia kufuta, alifungua kwanza nakala mpya kuhakikisha zinacheza. Ikacheza ile ya ubao, na baadhi ya walimu wakalia upya. Ndipo akazifuta za chumba cha kwanza. Mkono wake ukasita juu ya pipa la taka la kompyuta, kwa maana kilichofutwa kikibaki humo bado kinakula nafasi.

"Na pipa, Mwalimu Mkuu?"

"Pipa ni kazi ya zamu. Halina hotuba. Mwaga."

Nafasi ikapatikana, matokeo yakahifadhiwa. Katibu muhtasi akabonyeza kutuma, na asilimia zikaanza kupanda kwa uvivu. Hapo Mwalimu Mkuu akaja na kamera mkononi.

"Video ya kusindikiza hii hapa. Chomoa hicho kidude cha intaneti, tuichomeke."

Fundi akafumba macho. Katibu muhtasi alisimama mbele ya mashine, mikono ameikunja kwa adabu.

"Mwalimu Mkuu, itoke kwenye kamera bila kuagwa?"

"Haki ya nani, ningesahau!"

Akarudi kuwapanga walimu. Alipokuwa ndiyo kwanza anasafisha koo, kioo kikaandika: Yamepokelewa. Katibu muhtasi akapiga makofi peke yake, machozi yakimlengalenga, na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa hajatamka neno, akainamisha kichwa kushukuru.