Gitaa la Mkongo na Mpingo

Mtaani walimwita Fundi Mzito, na mteja mgeni aliyeelekezwa kwake alipita karakana mara mbili akitafuta mtu mwenye kitambi. Mwenyewe alikuwa mwembamba wa kuingia kabatini bila kufungua mlango wa pili. Uzito ulikuwa kwenye kazi zake. Kitanda chake kikishaingia chumbani hakitoki tena. Mpangaji huhama, kitanda hubaki na nyumba. Wezi nao waliiheshimu milango yake, wakapitia madirishani.

Tangu mkewe afariki, fundi alikuwa akiongea na mbao. Si kwamba akili zilimruka. Ni vile mtu aliyezoea kujibiwa hawezi kuacha kuuliza ghafla. "Unakataa, eh?" aliuambia ubao uliopinda. "Kataa tu. Mimi wamenikataa wakubwa zako." Ubao ukinyamaza, naye anaendelea kupiga randa.

Basi binti yake wa pekee, mpiga gitaa katika bendi huko jiji la mbali, alipompigia simu kwamba gitaa lake la umeme limeanguka jukwaani likapasuka kiwiliwili, baba mtu akafurahi. Akajikemea. Halafu akafurahi tena.

"Shingo nzima, Baba, na vitu vya umeme vizima. Kimekufa kiwiliwili tu. Nitakutumia shingo na karatasi ya umbo kwa basi, wewe nichongee kwa mbao unazozipenda mwenyewe."

"Na kulichukua utakuja lini, Mama?"

"Jumamosi. Tuna onyesho mbele ya huko, nitapita."

Nitapita. Mtu aliyekula chumvi anajua kuwa anayesema "nitapita" hata viatu havui. Fundi alilijua hilo. Lakini moyo wa mpweke ni kama kuku, ukiutupia punje moja haubanduki hapo siku nzima. Binti hakuwa amelala nyumbani tangu wiki ya mazishi ya mama yake. Alichokitaka fundi kilikuwa kidogo tu: usiku mmoja. Mtu wa kukohoa chumba cha pili.

Akachagua mbao kama mtu anayechagua wakwe. Mgongo akaupa mkongo, mti usioogopa mvua wala mchwa. Kifua akakipa mninga mwekundu, mapande mawili, na katikati yake akapitisha mpingo, utepe mweusi wa upana wa kidole gumba. Mpingo una mafuta yake, na ukiupaka gundi hivihivi utakuachia mbele za watu. Akaufuta kwa spiriti, akapaka gundi ungali na ubaridi, kisha akabana kwa klempu zote alizokuwa nazo, hata ile yenye kichwa kilichopinda.

Mshona viatu, ambaye meza yake iliegemea ukuta wa karakana, alichungulia.

"Jirani, unamchongea nani jeneza la mbuzi?"

"Ni gitaa hili."

"La jitu?"

"La binti yangu. Anakuja Jumamosi."

Mshona viatu akaacha kucheka, akatoa msumari mdomoni. "Atalala?"

Fundi akajifanya sikio lake baya ndilo lililokuwa upande huo. Kelele za msumeno wa umeme zilikuwa zimeliua sikio la kushoto zamani, na alilitumia kila alipotaka amani.

"Sikia, ndugu yangu. Akifika mwambie gundi haijakauka. Mimi gundi imeniokoa na wateja miaka chungu nzima. Hakuna binadamu anayebishana na gundi."

"Mwanangu simdanganyi."

"Nani kasema udanganye? Chelewa kuipaka!"

Fundi akamfukuza kwa kipande cha msasa. Lakini maneno yale hayakufukuzika. Yalikaa naye alipokuwa akifuata mstari wa karatasi kwa msumeno mwembamba, yakakaa naye alipochimba kwa patasi mashimo ya nyaya na ya vile visumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi.

Karatasi ya binti ilionyesha umbo. Unene haikuutaja. Hapo fundi akajitegemea. Aliyemkumbuka ni msichana mdogo kwenye kigoda cha jikoni, gitaa la kuazima limelala pajani, mama yake anakunja nguo pembeni na kujidai hasikilizi. Basi akavuta kigoda, akakaa, akakiweka kiwiliwili pajani mwake. Kikatulia kama mtoto aliyeshiba. Hakikuteleza wala kuinamia upande. "Hivyo hivyo," akasema. "Usiongeze neno." Akakipaka mafuta kwa kitambaa mpaka mninga ukawaka.

Jumamosi gari likasimama nje, injini ikinguruma. Mpiga dramu alibaki kwenye usukani. Binti akaingia mbio, akamkumbatia baba yake mpaka vumbi la mbao likahamia kwenye gauni lake, kisha akaliona gitaa mezani. Akapitisha kidole kwenye utepe wa mpingo, kutoka juu hadi chini, akitafuta kiungo. Hakukipata.

"Baba."

"Sema."

"Limekuwa zuri mpaka naogopa."

Akalifunga mkanda, akajivika begani. Bega likashuka. Akajaribu kusimama wima, bega likakataa.

"Baba yangu mimi! Hili gitaa au kizingiti?"

"Si ukae," fundi akasema, akisogeza kigoda. "Ukikaa linatulia."

"Hatukai, Baba. Tunasimama."

"Wote?"

"Anakaa yule wa dramu tu, na yeye ni kwa uvivu wake."

"Onyesho zima?"

"Mpaka watu wachoke. Wakati mwingine hawachoki."

Fundi akalitazama lile bega ambalo mkanda ulikuwa tayari umelitia alama. Hakuwa amewahi kumwona jukwaani hata mara moja. Siku zote zile alikuwa akimchongea msichana wa kigoda, na sasa mbele yake alisimama mwanamke.

"Linapungua?" binti akauliza. "Itachukua muda gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuuondoa mgongo, kuchimba vyumba ndani, kisha kuurudishia na kuiacha gundi ishike mpaka kesho. Hiyo ilikuwa kazi safi, na haikuwa uongo. Fundi yeyote angeisifu. Ya pili, kulilaza kifudifudi, kuukwangua mkongo kwa randa karibu nusu ya unene wake, na kulibonyeza mahali linapogusana na tumbo. Ingemalizika kabla gari halijaishiwa mafuta kwa kunguruma.

Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka na kesho ikiwa kwenye ulimi. Binti hakuangalia saa. Hakuangalia mlango. Alimwangalia yeye, akisugua bega, tayari kuamini chochote atakachoambiwa. Kama angeshuku kidogo tu, ingekuwa rahisi.

"Lisaa limoja," fundi akasema. "Shika huku."

Wakakwangua. Yeye alisukuma, binti alizuia upande wa pili, na maranda ya mkongo yakaanguka miguuni mwao.

"Umekonda, Baba."

"Sijawahi kunenepa."

"Unakula?"

"Nikikumbuka."

"Kumbuka basi." Akapuliza vumbi. "Mbona hukuwahi kuja kuniona nikipiga?"

"Hukuniita."

"Nilidhani kwa sikio lako hilo utaona tunakupigia kelele tu. Nikasema nisimsumbue."

Randa ikasimama. Fundi naye alikuwa amejiambia kila mwaka kwamba asimsumbue. Alitaka kulisema hilo, badala yake akasukuma randa tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walipolivika shingo na nyuzi, gitaa lilikaa begani bila kulionea. Lakini gitaa la umeme bila spika yake ni kama mtu anayenong'ona sokoni. Binti alipopiga, baba yake aliona vidole, sauti hakuipata.

"Njoo," binti akasema. "Weka taya hapa. Hapa, kwenye pembe. Lete na meno ukitaka, ni lako."

Akainama, akaegemeza taya kwenye mninga. Sauti ikaja kwa njia ya mfupa. Ikapanda fuvuni, ikafika hata upande ule ambao msumeno uliumaliza. Alifumba macho. Wimbo hakuujua. Ungemalizika lini hakutaka kujua. Nje mpiga dramu akapiga honi, kwa adabu, mara moja.

Mlangoni pa gari binti akageuka. "Baba, ungeweza kuniambia gundi haijakauka, kama wasemavyo mafundi wote. Ningelala."

"Ungelala unahesabu saa ukutani. Nenda, watu wamesimama wanakusubiri."

"Onyesho lijalo nakutumia nauli."

"Nina miguu, nina hela ya nauli. Niambie siku tu."

"Nitakuambia."

Akaingia, gari likaondoka. Fundi alisimama mpaka lilipokata kona, kisha akaendelea kusimama kidogo, maana hakuwa na sababu ya kugeuka. Hakujua kama siku ile ataambiwa. Watoto huahidi kwa moyo mweupe, ndiyo maana huwezi kuwakasirikia.

Ndani kulikuwa na sufuria ya wali na nyama, chakula cha mtu mmoja na mtoto aliyerudi nyumbani. Fundi akapakua sahani mbili, akagonga ukuta wa karakana.

"Jirani! Njoo ule."

Mshona viatu akaja akijifuta mikono kwenye suruali. Akatazama kitanda kilichotandikwa chumba cha pili, akatazama maranda sakafuni. Fundi akamsubiri aanze utani wake, hata alishaandaa jibu la kumrudishia. Lakini mshona viatu alinawa, akakaa, akala kimya mpaka akaukwangua ukoko.

Ukimwona mtu wa utani ameinamia sahani bila neno, ujue msiba wako umeonekana.