Kozi Yangu ya Nakuru

Mwaka 1999 nilichaguliwa kuwa mfanyakazi bora wa bohari yetu Mombasa, na sababu ilitajwa mbele ya watu wote: kwa miaka minane sikuwahi kupoteza karatasi hata moja. Ni kweli. Kazi ile ya kutunza karatasi sikuisomea darasani. Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama na kwa kuazima vitabu, na kila karatasi iliyopita mikononi mwangu niliitoboa matundu mawili nikaiweka kwenye faili kwa tarehe yake. Hata barua za mama yangu.

Zawadi ilikuwa likizo ya siku tatu katika kambi ya mahema ya watalii, pamoja na safari ya nusu siku porini kwa pikipiki za magurudumu manne, na kiongozi wa kunionyesha njia. Wenzangu walidhani nitapelekwa Naivasha. Niliifungua bahasha taratibu nisiichane. Ndani palikuwa na picha ya Mzungu juu ya pikipiki, vumbi limetanda nyuma yake, na chini pameandikwa: Delta ya Tana, kupitia Garsen.

Mimi ni mtu wa Ngao, humo humo deltani. Walikuwa wananipeleka kwetu kutalii.

Hilo lenyewe ningelistahimili. Lililonisumbua ni barua. Wiki mbili kabla, mama alikuwa ameniandikia kwamba mpunga wake unaanza kuiva, minana wameshuka kwa maelfu, na Lavender, binti wa jirani aliyekuwa akimsaidia kuamia ndege, ameolewa Hola. "Omba ruhusa japo juma moja," aliandika. "Mwaka juzi mafuriko yalichukua kila kitu. Mwaka jana shamba lilikuwa mchanga mtupu. Wa mwaka huu ukiliwa na ndege, mimi sitakuwa na nguvu ya kupanda tena."

Nami nilimjibu kwamba nimepelekwa kozi Nakuru.

Hapakuwa na kozi. Palikuwa na mimi tu, ambaye sipendi matope, na ambaye tangu utotoni sijawahi kutupa jiwe likaenda ninakotaka. Likizo ilipopatikana, nilijiambia kwamba siku tatu haziwezi kuokoa mpunga wowote. Kisha nikachora ramani ndogo. Kambi iko upande wa mbuga, kwenye malisho ya Waorma. Shamba la mama liko chini ya Ngao, kando ya mto. Nilipima kwa rula. Hatungeonana.

Kiongozi wangu aliitwa Gollo, Muorma wa umri wangu, mrefu, mwenye kutembea kama mtu asiyechelewa popote. Mafuriko yalikuwa yamemwachia ng'ombe wachache, akaja kuomba kazi kambini. Pikipiki nyekundu aliyonipa aliiita kwa jina la fahali wake aliyekufa.

"Bwana Mombasa," aliniuliza, "umeendesha hii zamani?"

"Nimeisoma."

"Umesoma?"

"Kitabu kizima. Injini, kabureta, mnyororo, breki."

Gollo aliitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Na yeye? Amesoma hiyo kitabu?"

Nilivaa helmeti, nikashusha kioo chake cheusi, nikabonyeza mafuta kwa kidole gumba, polepole, kama kitabu kilivyoelekeza. Polepole ya kitabu na polepole ya pikipiki ile hazikuwa kitu kimoja. Tulipita katikati ya kamba ya nguo ya mpishi, tukatoka langoni nikiwa na aproni shingoni.

Baada ya hapo niliogopa kubonyeza tena. Tulikwenda mwendo ambao ulimruhusu Gollo kuzima injini, kunisubiri, kusafisha miwani yake, na kuwasha tena. Kundi la ng'ombe lilitupita. Mchungaji wake, mzee mmoja mwenye kikoi, alimpigia Gollo kelele kwa Kiorma, na Gollo akajibu kwa maneno mawili.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anauliza kama wewe mgonjwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nimesema bado tunaangalia."

Tulisimama kwenye kivuli cha mikoma kunywa maji. Mbele yetu mbuga ilikuwa inaisha, na majani yalianza kuwa mabichi. Nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimekaa juu ya kile chombo kwa saa nzima, na yeyote aliyenitazama kwa mbali sana angeweza kudhani ninakiendesha.

"Sasa tunaenda kuona mkulima," Gollo alisema. "Iko kwa programu. Wazungu wanapenda huyu mama sana. Anakaa juu ya dungu, anarusha mawe na kombeo. Paa! Ndege inaanguka. Wanapiga picha."

"Mama gani?"

"Mama ya Ngao. Shamba yake ya zamani ilijaa mchanga, sasa amepewa mpya huku, mwisho ya malisho. Mama mzuri. Mama Gershom."

Gershom ni mimi. Maji yalinipalia. Ndipo nilipokumbuka kwamba barua ya mama ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza niliisoma nimesimama, nikaona neno ndege na neno matope, nikaelewa ninachoombwa. Ya pili niliitoboa vizuri sana.

"Gollo," nilisema, "tupite upande ule."

"Upande ule matope."

"Pale pana majani makavu. Nimeangalia kwenye ramani."

"Ramani yako imeangalia matope?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilibonyeza mafuta kama mwanamume. Pikipiki ilifyatuka, ikayapita majani makavu, ikaingia palipokuwa chini ya majani makavu, ikazama hadi kwenye ekseli. Injini ilizimika. Katika kimya kilichofuata nilisikia jiwe likipita angani, na sauti ya mwanamke ikiwafokea ndege kwa Kipokomo. Niliijua sauti ile kabla sijajua kusema.

Dungu lilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Nilikuwa nimepinda kona kumkimbia mama yangu, na nikamfikia haraka kuliko kama ningepita njiani.

Alishuka, akaja kwa miguu mitupu, kanga kiunoni, kombeo mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mama Gershom!" Gollo alimwita. "Habari ya ndege?"

"Ndege wazima. Mgonjwa ni mimi. Nani huyu umemwangusha kwenye tope langu?"

"Mgeni. Amejiangusha yeye."

"Karibu, baba," mama aliniambia. Niliinamisha kichwa ndani ya helmeti. "Mbona haongei?"

"Sijui. Asubuhi alikuwa naongea sana."

Nilihitaji sababu, na haraka. Niliweka mkono kwenye shavu la helmeti, nikatikisa kichwa kwa maumivu.

"Jino?" mama aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Pole. Vua hicho chungu nilitazame. Nina karafuu pale juu."

Nilirudi nyuma hatua moja, na tope likabaki na kiatu changu.

"Ameogopa," mama alimwambia Gollo. "Gershom wangu alikuwa hivi hivi. Jino moja tu, tulimshika watu watatu."

"Huyo wako wa Mombasa? Amekuja kusaidia?"

"Yuko kozi Nakuru. Kazini kwake wanamtegemea, hawawezi kumwachia." Alisema kwa fahari, akiwa amesimama wima. "Angekuwa karibu angekuja. Huyo simlaumu."

Joto la ndani ya helmeti lilikuwa kubwa, lakini sidhani kwamba ni jua tu. Wakati huohuo wingu jeusi lilishuka upande wa pili wa shamba. Lilikuwa minana. Walitua juu ya mpunga, mashuke yakainama kwa pamoja. Mama alikimbia kurudi dunguni, na katika dakika zile alizokuwa akinionea huruma ya jino, kipande kizima cha mpunga kilikuwa kimeanza kuliwa. Nilimwona akipanda ngazi, akipumzika katikati, akipanda tena. Akaanza kurusha mawe. La kwanza liliwatisha. La pili halikufika.

Nilijiambia: toka hapa upesi, ili arudi kwenye kazi yake. Na kidogo, nilijiambia pia: toka hapa upesi.

Gollo alitaka tuvute tu kwa nguvu. Nilimfanyia ishara asubiri. Nilikata matete. Niliyapanga mafungu matatu, membamba, ya wastani na manene. Nikalaza membamba kwanza mbele ya kila gurudumu, kisha ya wastani yakikingama, kisha manene, nikigeuza kila la pili, shina huku, kichwa kule. Sijui kufanya kazi kwa namna nyingine. Gollo aliketi kwenye pikipiki yake akaninyooshea saa mara mbili.

Nilipofika gurudumu la tatu niligundua kwamba mawe yalikuwa yameacha kuruka.

"Gollo!" mama aliita kutoka juu. "Huyo mgeni katoka wapi?"

"Mombasa!"

"Anaanza na membamba."

"Ndiyo! Anachelewesha sisi!"

"Na kila la pili anageuza kichwa."

"Ndiyo, mama! Nimeona! Nimechoka kuona!"

"Marehemu mume wangu alikuwa akitoa mtumbwi kwenye tope namna hiyo. Watu walimcheka. Alimfundisha mtu mmoja tu."

Nilibaki nimeinama, tete moja mkononi. Ningeweza kuligeuza vibaya. Nakiri kwamba niliwaza hivyo. Lakini mkono ulikuwa tayari umeliweka linapostahili.

"Mwambie," mama alisema, "kozi ya Nakuru imekwisha."

Nilivua helmeti. Gollo alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, na taratibu akafunika uso kwa viganja. Mabega yalikuwa yakitikisika.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Jino linaendeleaje?"

"Limepoa."

"Barua yangu hukuipata?"

"Niliipata. Iko kwenye faili."

"Faili ndiyo imesoma?" Gollo aliuliza, akashindwa kabisa, akalala kwenye usukani.

Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi, kwa sababu nilimwona akitafuta mahali pa kuniweka sasa, baada ya kuniondoa pale aliponiweka mbele ya Gollo. Kisha minana wakashuka tena. Hakusema tena lolote juu ya Nakuru, wala siku ile wala baadaye. Alinyoosha kombeo chini, kwenye ngazi.

"Panda," alisema.

Nilipanda na tope langu na kiatu kimoja. Niliweka jiwe, nikazungusha, nikaachia. Jiwe lilikwenda nyuma, likapita kando ya sikio la mama, likampiga Gollo kwenye buti.

"Mama Gershom," Gollo alisema huku akiinua mguu, "huyu rudisha Nakuru."

Pikipiki tuliitoa kwa matete yangu, kwa msukumo mmoja, na ninaomba hilo likumbukwe. Gollo alifunga nyekundu nyuma ya yake kwa kamba, akaondoka akiivuta mbugani kama fahali mkaidi. Alibeba ujumbe wangu kambini: begi langu liletwe, na makopo yote matupu ya jikoni, ikiwa mpishi amenisamehe aproni. Helmeti ilibaki. Mama alikuwa ameishikilia.

Likizo yangu ya mwaka mzima ilikuwa haijaguswa. Siku tatu zile za zawadi zilipoisha, nilimwandikia meneja nikaongeza siku kumi. Mama na mimi tuligawana kazi kwa namna iliyojipanga yenyewe. Yeye alishika kombeo. Mimi nilivuta kamba sita kutoka dunguni hadi kwenye nguzo za pembeni, nikatundika makopo, nikaipa kila kamba namba, na nikawa navuta moja, nne, mbili, tano, tatu, sita, ili ndege wasizoee. Mama alisema ni upuuzi. Siku ya tatu alianza kuniambia, "Nne, Gershom, nne!" Kile kipande cha mwanzo hakikurudi, lakini mpunga mwingine ulisimama hadi siku ya kukatwa.

Kombeo nilipewa jioni tu, ndege wakiwa wachache, kwa mazoezi. Jioni ya nne Gollo alifika na watalii wawili, mume na mke, kamera shingoni, kwa ajili ya kumwona mkulima. Walimkuta ameketi chini ya dungu akipepeta mchele wa dukani, helmeti kichwani, kioo kimeshushwa.

Yule mama wa Kizungu aliuliza kitu. Gollo aligeuka. "Anauliza kwa nini umevaa hiyo."

Mama aliinua kioo. Nilikuwa juu, jiwe limeshawekwa, mkono umeshaanza kuzunguka.

"Waambie wasimame kule anakolenga, Gollo," alisema. "Kule ndiko salama."

Akashusha kioo.