Sehemu ya Pili Getini

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya Agosti 2017, sehemu ya pili ya simfoni ilitoka ukumbini na kufika getini. Placide, mlinzi wa zamu, aliisogezea daftari. Hatoki mtu hapo bila kusaini. Hata mwongozaji wa okestra husaini. Sehemu ya pili iliandika jina na saa, penye namba ya gari ikapiga mstari, kisha ikakaa kwenye kiti cha plastiki.

Ilikuwa simfoni ya ala za nyuzi pekee, ya mwaka 1773, yenye sehemu nne. Ya pili ndiyo ya polepole. Huko ndani wanamuziki walimaliza ya kwanza, wakavuta pinde zao kwa dakika saba bila kutoa sauti, wakaendelea na ya tatu.

Placide alikuwa amepiga viola, ile fidla kubwa kidogo, miaka kumi na moja huko Lubumbashi kabla ya kuhamia nchi hii, na okestra hii ilikuwa na kiti kimoja cha viola kisicho na mtu. Alikiomba mwaka 2015. Meneja wa okestra alimjibu kwamba vyeti vyake vinathibitishwa. Watu wana subira sana na vyeti vya wenzao. Viola yenyewe aliiweka kwenye kibanda chake cha getini, na kila alipoipiga, sehemu ya pili ilitoka kumfuata.

Mkewe Victorine, msusi wa mtaa wa Rosettenville, alipomletea chakula aliitazama ile sehemu ya pili.

"Hii iko na permis ya kuishi huku?"

"Haina."

"Miaka mia mbili na zaidi, inaingiaka tu. Na weye uko na karatasi za kujaza valizi muzima, na bado uko inje."

Ijumaa, siku moja kabla ya tamasha, meneja alikuja getini kuomba sehemu ya pili irudi.

"Haiji bila mimi, bosi. Na mimi siwezi kuacha geti."

Meneja alifikiri. "Basi kesho geti tutalitia kufuli. Zamu yako itakuwa jukwaani, kulinda kile kiti cha viola. Utakilinda kwa kukikalia."

Placide alikilinda akiwa na sare na simu ya upepo kiunoni. Sehemu ya pili ilisaini, ikaingia, akaipiga. Watu walifuta machozi, na yeye pia. Alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake. Victorine analijua hilo na hajalisamehe.

Katika programu iliyochapishwa, penye kiti chake paliandikwa "nafasi wazi". Jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, kama mlinzi, chini ya maelekezo ya vyoo na maegesho.

Makofi yalipokwisha alikimbia kufungua geti. Gari la kwanza lilikuwa la meneja.

"Umepiga vizuri mno," meneja alisema. "Vile vyeti bado vinathibitishwa."

"Sharp, bosi, haina shida," Placide alisema. Akamsogezea daftari, kisha akalipekua buti la gari lake kwa dakika saba, mwendo uleule wa polepole, huku sehemu ya pili ikimshikia tochi.