Misumari Sita ya Dirisha

Jiwe lilikuwa bado mezani, kubwa kama kiazi. Jana, usiku wa kwanza wa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya kuwasha taa dirishani, lilirushwa kutoka kichochoroni likapasua kioo cha dirisha la Bi Bulor, baraka zikiwa bado mdomoni. Leo jua linakuchwa hapa mjini Bukhara, na mwanawe Rafoel ameshaliziba dirisha kwa ubao na misumari sita.

"Chomoa," alisema mama yake.

"Mama, usitutafutie balaa. Washa mezani. Sheria yenyewe inasema pakiwa na hatari, mezani panatosha. Hata mzee Nerye jana kawasha mezani, na ndiye msomi wetu."

"Nerye mwoga tangu utoto. Nimesoma naye."

"Na wakirudi?"

"Watanikuta nimekaa."

Rafoel aliogopa, na woga ulimfanya mkali. Akamwambia waziwazi: akiweka taa dirishani, kesho anamfungia virago ampeleke kwake Tashkent, nyumba iuzwe. Bulor aligusa ukuta. Katika nyumba hii alizaliwa, na humu alimlilia mumewe.

"Ya kesho tutayaona kesho," alisema. "Chomoa."

Akachomoa, msumari mmoja mmoja, baridi ikaingia. Bulor alimimina mafuta ya pamba katika chupa tatu za achari, upepo usije ukazima tambi: mbili za usiku wa pili, moja ya kuwashia hizo. Akasoma baraka, akawasha, akaketi. Taa hizo zikiwaka mwanamke hafanyi kazi, basi mikono ikabaki mapajani.

Nyayo zilisikika kichochoroni. Zikakaribia, zikasimama chini ya dirisha. Rafoel akanyakua nyundo.

"Bulor?" Alikuwa Nerye, anahema. "Umetoa ubao."

"Nimetoa. Kuna nini?"

"Nilikuwa nafunga lango, nikaona mwanga wako. Nimeona haya, Bulor. Nimezima yangu ya mezani, nikawasha upya dirishani." Akapangusa pua. "Sasa kule siwezi kukaa. Naogopa."

Bulor alimcheka, kisha akamfungulia mlango.

"Na taa umemwachia nani?" Rafoel aliuliza.

"Mungu."

Rafoel alimtazama mzee, akatazama jiwe mezani. Akavaa koti, nyundo akaitia mfukoni.

"Nipe ufunguo, mzee."

"Unaenda wapi?" mama yake alishtuka.

"Kukaa nayo. Virago nitafunga siku nyingine."

Bulor alimsogelea akamfunga skafu shingoni, kama alivyomfunga zamani akienda shule.